Trepie: nichukue kichwa cha 502 cha okazi (kilichokwisha kutumika), ao nisubiri kidogo?

Kamalondo_Video

Bakubwa, jambo yenu.

Nina swali la trepie, yaani miguu mitatu ya kamera, na ninaomba anijibu mtu aliyekwisha kushika vitu hivi kwa mikono yake, si aliyesoma maandishi ya sanduku.

Kazi yangu ni ndoa, misa za shukrani, na mara moja moja mkutano wa ofisi mjini Lubumbashi. Kamera ni Sony FX30, lenzi moja ya zoom, mikro juu. Nimeipima kwenye mizani ya mama anayeuza makayabu karibu na kwetu: kilo 1 na gramu 400, bateri ikiwa ndani. Aliniuliza kilo yake ninauza bei gani.

Shida ni kichwa, ile sehemu ya juu ya trepie inayoshika kamera na kuigeuza. Hiki cha sasa kilikuja na trepie ya plastiki niliyonunua wakati naanza. Kimeandikwa kwa herufi nyeupe kwamba ni cha fluidi, lakini sijaona dalili ya umajimaji wowote. Jumamosi iliyopita nilikuwa kanisani, Katuba. Kwaya imeanza, maarusi wako mlangoni, nawafuata kuja mbele. Kichwa kikagoma. Nikaongeza nguvu kidogo, kimya. Nikaongeza tena, kikaruka kwa ghafla, bibi arusi akatoka kwenye picha, nikabaki na bega la mjomba wake. Kurudisha, kikagoma tena upande wa pili. Maingio yote yana mitikisiko mitatu ya namna hiyo. Mama wa bibi arusi aliponiita kutazama, aliniuliza kwa upole kama siku ile nilikuwa na malaria.

Nina dola 350. Kuna mtu anauza Manfrotto 502, kichwa peke yake, dola 230. Anasema kinabeba kilo 7, kamera yangu itakaa juu yake kama mtoto mgongoni. Ao niagize MVH500AH mpya, ambayo ni ndogo na inabeba kilo 5, ije kwa njia ya Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa, kwenye forodha ya Zambia, na wote tunajua kusubiri Kasumbalesa kulivyo. Moyo unanivuta kwenye 502: ni kubwa, ina nguvu, na siku nikipata kamera ya bega itakuwa tayari. Ninakosea wapi?

Ruashi_HD

Chukua 502, usiulize mara mbili. Mimi ninayo, naweka kamera ya bega, haijawahi kunisumbua. Kilo 7 ni kilo 7.

MzeeWaKanda

Mdogo wangu wa Ruashi amesema kweli, ila ni kweli ya kamera yake. Kamera ya bega ina karibu kilo 3. Weka bateri kubwa, taa na mikro, unakaribia 4. Mwenye swali ana kilo 1.4. Hao ni watu wawili wenye miguu tofauti wanaouliziana viatu.

Nimeshika kamera tangu zama za kanda, wakati tulikuwa tunapanda nayo begani mpaka mguu wa chimney ya kampuni ya madini, Gécamines, na kushuka na mgongo umepinda. Kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Kwanza, kwa nini kichwa chako kinaruka. Plastiki ikisuguana na plastiki, kuanza ni kugumu kuliko kuendelea. Unasukuma, inashika, unasukuma zaidi, inaachia, na wakati inaachia mkono wako tayari una nguvu kupita kiasi. Mafuta mazito yana tabia nyingine. Chukua asali ya msituni, tia kijiko. Kijiko kikitulia, asali haikipingi. Ukikisogeza taratibu inakipinga kidogo, ukikivuta mbio inakipinga sana. Kichwa cha fluidi cha kweli kina mafuta ya aina hiyo katikati ya sahani zake, kwa hiyo mwanzo wa mwendo ni mlaini na papara ya mkono inamezwa. Si jambo jipya. Kampuni ya Miller ya Australia walikuwa na hataza yake tangu 1946.

Sasa 502. Ndani ya kichwa kuna kitu kingine zaidi ya mafuta, nacho ndicho wauzaji hawakitaji: springi, hii sisi tunaita resori. Ukiinamisha kamera mbele, uzito wake unataka kuendelea kuanguka. Springi inausukuma kurudi. Vikilingana, unaachia mpini na kamera inabaki pale pale ulipoiacha. Kamera ikizidi, inaanguka pua chini. Springi ikizidi, kamera inainuka yenyewe kama mbuzi aliyesikia jina lake.

Springi ya 502 ni moja tu na haina kifungo cha kuipunguza. Imepimwa kwa kilo 4. Ile ya 500 nayo ni moja, imepimwa kwa kilo 2.4. Hizo 7 na 5 ni mzigo ambao kichwa kitauvumilia. Mzigo ambao kinafanya nao kazi vizuri ni habari nyingine.

Na si kilo peke yake. Kuna urefu wa kitovu cha uzito juu ya bamba, kile kipande kinachofungwa chini ya kamera. Tufanye hesabu ya darasa la sita, tuchukue kwamba springi imepimwa na kitovu kikiwa sentimita 5.5 juu:

502: 4 × 5.5 = 22
500: 2.4 × 5.5 = 13.2
Kamera yako, tuseme kitovu kiko sentimita 6: 1.4 × 6 = 8.4

Unaona umbali kati ya 8 na 22. Kila ukiinamisha kamera kumwonyesha mtoto aliyebeba pete, utakuwa unapigana na chuma. Utachoka, kisha utaanza tabia mbaya ambayo nimeiona kwa vijana wengi: kukaza kufuli nusunusu ili kamera isipande. Kufuli ni ya kufunga, haikutengenezwa kuwa breki. Ukiikaza nusu umerudia msuguano ule ule wa plastiki uliokutoa machozi Katuba, na unaila kufuli yenyewe.

Hata 500 haitakuwa sawa kabisa, maana 8.4 bado iko chini ya 13.2. Lakini pengo hilo linazibika. Nenda kwa fundi anayekereza vyuma, akukatie kipande cha chuma sentimita 10 kwa 6, unene 2. Kitakuwa na uzito wa karibu gramu 940. Atoboe, akifunge kati ya kamera na bamba. Kamera imepanda sentimita 2, kwa hiyo 1.4 × 8 = 11.2, ongeza karibu 1 ya chuma chenyewe, unafika 12 na kidogo. Hapo inatulia. Na mwambie chuma, si shaba! Shaba ni nzito zaidi, na huku kwetu haikosekani, lakini ukikutwa barabarani na kipande cha shaba kwenye begi utaeleza mpaka jioni.

Viko vichwa ambavyo springi yake ina hatua za kuchagua. Sachtler Ace M ina hatua 5, mpaka kilo 4, na siku ukibadili kamera unazungusha kifungo basi. Dola 350 haziifikii ikiwa mpya. Ukiiona ya okazi, niite mimi kwanza.

Ruashi_HD

Yaya, kaka yangu mkubwa, nimekubali. Sikujua hiyo ya springi. Mimi nilidhani yangu inatulia kwa sababu ni ya gharama.

Virunga_Picha

Salamu kutoka Goma. Mzee amemaliza ya juu, mimi niongeze ya chini, sababu nimeona watu wananunua kichwa kisha wanagundua hakikai kwenye miguu.

Tazama herufi za mwisho. 502AH ina kitako bapa, inafungwa kwa skrubu kubwa ya inchi 3/8. 502A ina nusu mpira ya milimita 75, inakaa kwenye bakuli lililo juu ya miguu. Kwa 500 ni vilevile, ila nusu mpira yake ni milimita 60. Kama miguu yako ni ya bakuli na kichwa ni bapa, utahitaji kipande cha nusu mpira, kinauzwa peke yake. Muulize huyo muuzaji ni kipi, na kama bamba la kamera liko. Kichwa bila bamba ni mlango bila ufunguo.

Na kwa ushauri wangu, nenda kwenye bakuli. Hapa kwetu unaweza kusimama juu ya lava ya volkano ya 2002, mguu mmoja kwenye jiwe, mwingine kwenye shimo. Mwenye kitako bapa anarefusha mguu huu, anapunguza ule, maarusi wamekwisha pita. Mimi nalegeza mpini wa chini, natazama pimamaji mpaka kipovu kinaingia kwenye duara, nakaza. Sekunde tano. Bila hivyo, ukizungusha kamera kutoka kushoto kwenda kulia, ziwa lote linaonekana linamwagika Gisenyi, kule Rwanda.

Halafu dawa ya leo, wakati unasubiri mzigo. Kata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wa kidole. Funga kwenye mwisho wa mpini wa kichwa, na usishike mpini tena, vuta ukanda. Mpira unanyooka kwanza, kisha unavuta polepole, mshtuko wa mkono haufiki kwenye kamera. Hautageuza plastiki kuwa fluidi, lakini kwa mwendo wa pole wa kulia na kushoto utaona tofauti.

Kamalondo_Video

Asanteni sana. Mama wa Goma, cha huyu muuzaji ni AH, nimemuuliza. Miguu yangu ni bapa, kwa hiyo ingekaa.

Kesho saa nne naenda kukiona. Mzee, nitazame nini zaidi ya springi? Na je, nikikichukua na kuongeza vyuma viwili ao vitatu?

MzeeWaKanda

Vyuma vitatu vinafanya karibu kilo 3. Utabeba kilo 3 za bure kutoka Kamalondo mpaka Katuba kila Jumamosi ili umfurahishe springi? Hapana, mwanangu.

Ukifika, weka kamera yako mwenyewe. Usikubali kujaribu na yake. Isogeze mbele na nyuma kwenye bamba mpaka ikae sawa bila kushikwa, kifungo cha ukinzani wa mafuta kikiwa kwenye sifuri. Inamisha mbele kama nyuzi 30, achia, tazama. Kisha zungusha duara zima polepole ukifumba macho: mahali popote panapokwama au kuteleza ghafla, mafuta yamehama. Zungusha, simama, achia mpini: wenyewe ukirudi nyuma kidogo, huo ulegevu utauona kwenye lenzi ndefu. Pitisha kidole kwenye maungio, ukikuta utando wa mafuta umechanganyika na vumbi jekundu, kinavuja. Na muulize kama aliwahi kukipulizia mafuta ya gereji. Akijibu kwa fahari kwamba ndiyo, mshukuru, nenda zako. Mafuta yale mepesi yanayeyusha yale mazito.

Jambo la mwisho, sababu tuko mwezi wa sita. Asubuhi kukiwa na baridi kichwa kinakuwa kigumu hata kikiwa kizima. Kizungushe mara kumi kabla ya kukihukumu.

Kamalondo_Video

Nimerudi.

Kichwa kilikuwa safi, sina la kumlaumu yule bwana. Duara zima laini kama siagi, hakuna kuvuja. Kwa dakika nzima nilikuwa nimekwisha kukinunua moyoni. Kisha nikaweka FX30, nikaisawazisha, nikainamisha mbele, nikaachia. Ikainuka. Haikuruka, iliinuka kwa adabu kabisa, taratibu, ikasimama sawa ikinitazama. Nikarudia mara tatu. Yule bwana akasema kaza hapa kidogo, akaonyesha kufuli. Nikacheka, akauliza nacheka nini, nikashindwa kueleza.

Nikamwomba tujaribu na kamera yake ya bega. Ilikaa pale ulipoiacha, pua chini, bila mtu kuishika. Ningekuwa nimejaribu hiyo tu, leo ningekuwa nimepungukiwa dola 230 na nina mkono unaouma.

Nimeagiza 500. Ndiyo ile ya AH, bapa, mama wa Goma utanisamehe, bakuli litakuja na miguu mipya siku nyingine. Ruashi, yule bwana anauliza kama unamjua mtu mwenye kamera nzito.

Mpira wa baiskeli nimeujaribu jana usiku, nikimfuata mdogo wangu akipita uani na sahani ya bukari. Kuzungusha kumekuwa kuzuri kuliko nilivyotegemea, mwanzo hauruki tena, labda mara moja katika tano. Kwa juu na chini hausaidii kitu. Kwa hiyo Jumamosi nitasimama mbali, lenzi ndefu, nizungushe tu, na mtoto wa pete nitampata kwa mkono.

Fundi wa vyuma yuko Kenya, komini ya hapa hapa Lubumbashi, karibu na soko. Amenitaka faranga za kahawa na nimpige picha ya kitambulisho bure. Ameuliza kipande ni cha nini, nikamwambia ni cha kuongeza uzito wa kamera. Amenitazama muda mrefu, kisha akaenda kumwita mwenzake aje asikie.