Fomu ya maji ya bwawa la sato imerudishwa: iandikwe jina la nani?

Mama Kibosho, Leicester

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Fomu ya kibali cha kutumia maji kwa bwawa la mita 10 kwa 20 huko Kibosho chini imerudishwa mara ya pili. Kwanza ofisi ya maji walisema mwombaji ana NIDA na TIN lakini yuko Uingereza, na hati ya uwakilishi aliyobeba mdogo wangu haina mhuri wa ubalozi. Safari hii wanasema kipengele cha matumizi kwa siku kimejazwa mita za ujazo 200, na kiasi hicho hakipiti bila karatasi za mazingira. Maji yenyewe ni ya mfongo (mfereji wa asili wa Wachagga), zamu moja kwa wiki, Alhamisi saa 12 jioni hadi Ijumaa saa 12 asubuhi. Swali ni moja tu: fomu iwe na jina la aliye nje, au la mdogo mtu aliyeko Moshi? Vifaranga 500 vimeshalipiwa.

Meku wa Marangu, Minnesota

Marahaba mama. Hapo kosa si la ofisi. Mita za ujazo 200 ndiyo bwawa lote likijaa, si matumizi ya siku. Bwawa hujazwa mara moja, halafu unafidia kinachopotea. Jua na upepo hula kama milimita 5 kwa siku, na udongo uliotulia hunywa milimita 5 nyingine. Jumla sentimita moja. Zidisha kwa mita za mraba 200 za uso wa maji, unapata mita za ujazo 2 kwa siku, yaani lita 2,000. Hiyo ndiyo namba ya kuandika. Ya kujazia bwawa iandikwe kwenye mstari wake.

Kijana wa Sanawari, Rotterdam

> Mita za ujazo 200 ndiyo bwawa lote likijaa

Shikamoo meku, lakini hapana. Hilo ni hesabu ya tangi la sementi. Bwawa la udongo lina kuta za mteremko: kwa kila mita moja kwenda chini unaingia ndani mita 2, la sivyo kuta zinabomoka mvua ya kwanza. Juu ni 10 kwa 20, chini kunabaki 6 kwa 16. Kwa kina cha wastani cha mita 1 (sentimita 80 upande maji yanakoingia, mita 1.2 upande wa kutolea) ujazo ni kama mita 145. Mtu wa ofisi akija na futi kamba na fomu imeandikwa 200, mtarudishiwa mara ya tatu.

Meku wa Marangu, Minnesota

Sawa, 145. Lita 2,000 kwa siku ziko palepale, maana uso wa maji haujabadilika. Tusivutane kwa hilo.

Binti Tengeru, Toronto

Wazee wangu, mnahesabu bwawa kabla ya kuuliza udongo. Kibosho ni udongo wa volkano, mwekundu, tifutifu, mzuri kwa mgomba na mbovu kwa bwawa. Sentimita moja kwa siku ni ya mfinyanzi. Chimba shimo la kufika kiunoni asubuhi, lijaze maji hadi juu, jioni lijaze tena, lifunike kwa majani ya mgomba. Kesho yake asubuhi kama maji mengi yamebaki, chimba bwawa. Kama limekauka, kibali hakitakusaidia kitu.

Jaribio jingine: lowesha udongo kidogo, finyanga tonge la kujaa mkono, rusha juu kama mita moja na ulidake. Likisambaratika mkononi, mchanga umezidi.

Na huo mfongo unapita wapi kabla ya kufika? Kama juu yake kuna kahawa inayopuliziwa mrututu (dawa ya ukungu yenye shaba), au watu wa nyanya wanasuuzia bomba la dawa mferejini, maji ya siku hiyo yasiingie bwawani kabisa. Shaba inaua samaki, na dawa nyingi za wadudu za nyanya zinaua kwa kiasi ambacho huwezi kukiona wala kukinusa. Dalili yake ni samaki wa saizi zote kufa kwa pamoja, hata mchana wa jua kali. Wa kukosa hewa hufa alfajiri, na wakubwa ndio hutangulia.

Kijana wa Sanawari, Rotterdam

Hapo dada umesema. Ila kabla ya kukata tamaa na tifutifu: sawazisha sakafu na kuta, ondoa mizizi na mawe, tandaza samadi mbichi ya ng'ombe au nguruwe unene wa sentimita 10 bila kuacha upenyo, funika kwa majani ya mgomba au nyasi zilizokatwa, kisha udongo sentimita 10, shindilia. Acha wiki mbili au tatu bila maji. Samadi inachachuka bila hewa na kutengeneza utando unaoziba vitundu. Watu huharibu kwa kujaza maji siku ya tatu, au kwa kuacha ukutani kipande kisicho na samadi. Maji yatapita hapohapo.

Mjomba wa Rau, Stuttgart

Samahani kuingilia. Mhuri wa ubalozi siku hizi ni foleni na ada, na mtu ana pasi ileile ya Tanzania. Tungekuwa na uraia pacha haya yote yasingekuwepo. Mtu anatuma hela kila mwezi, lakini kuandika jina lake kwenye fomu ya maji ya shamba la babake ni kesi.

Binti Tengeru, Toronto

Mjomba, huyu ni Mtanzania mwenye NIDA, uraia pacha unaingiaje? Hiyo ina uzi wake, tulishagombana kule vya kutosha.

Mjomba wa Rau, Stuttgart

Haya. Basi nipeni perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu wa kukaanga na ndizi, ninyamaze.

Meku wa Marangu, Minnesota

Tuache chakula. Mama, hao vifaranga 500 ni dume tupu au mchanganyiko? Idadi ni sawa, samaki 2 au 3 kwa mita ya mraba kwa bwawa lisilo na mashine ya hewa. Wakiwa mchanganyiko, sato anaanza kuzaa na miezi mitatu au minne akiwa bado kiganja, na ukija kuvua unapata samaki elfu mbili wa ukubwa wa kidole. Muulize muuzaji homoni ya kuwageuza dume ilianza kulishwa lini. Inatakiwa ianze kifaranga akiwa hajazidi milimita 10 hivi na iendelee siku 21 hadi 28. Akisema alianza wakiwa na mwezi, hao si dume tupu.

Kama wameshafika, wachambuliwe kwa mkono wakifika gramu 30 hadi 50. Mgeuze tumbo juu, pangusa nyuma ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike matatu. Wino wa kalamu ukipakwa kidogo matundu yanaonekana vizuri. Wengine huongeza kambale mmoja kwa kila sato 20 ili ale vitoto, ila kambale awe mdogo kuliko sato siku ya kuingizwa.

Kijana wa Sanawari, Rotterdam

Na wavu kwenye bomba la kutolea maji, tafadhali, wa matundu madogo. Bonde la Pangani lina perege wake wa asili, na sato akitoroka anazaana naye.

Meku amesahau baridi. Sato anataka nyuzi 25 hadi 30. Chini ya 20 hali chakula vizuri, na Julai Kibosho maji yatashuka chini ya hapo. Wakiingizwa Juni, miezi miwili mnanunua chakula cha kuozea chini. Waingizwe Septemba. Chakula saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, jua likiwa limeshapasha maji. Samaki wa gramu 50 mpe asilimia 5 ya uzito wake kwa siku, wa gramu 100 asilimia 3, akipita 200 asilimia 2.

Kwa kilo 100 za chakula cha kusaga nyumbani: dagaa 20, soya iliyokaangwa 25, mashudu ya alizeti 25, pumba za mahindi 28, vitamini 2. Inakaribia asilimia 30 ya protini. Dagaa wapepetwe, wa kuanikwa chini wana mchanga na unalipia mchanga bei ya dagaa. Soya mbichi inazuia samaki kusaga protini, ndiyo maana inakaangwa.

Binti Tengeru, Toronto

Mmesahau zamu! Mfongo unakuja saa 12 tu kwa wiki. Mdogo mtu akinge ndoo ya lita 20 pale maji yanapoingia shambani, ahesabu sekunde. Ikijaa kwa dakika moja, zamu nzima ni lita 14,400, na bwawa linapoteza 14,000 kwa wiki kwa hesabu ya meku. Litabaki lilivyo, halitajaa kamwe. Kujaza ni masika, kwa mvua na maji ya ziada.

Mama Kibosho, Leicester

Aika sana wote. Amekinga ndoo jana usiku mara tatu, wastani sekunde 95. Kwa zamu nzima ni kama lita 9,100.

Meku wa Marangu, Minnesota

Basi hazitoshi. Ukiziba udongo kabisa inabaki ya jua tu, lita 7,000 kwa wiki, hapo 9,100 zinatosha. Samadi ya kijana haitafika sifuri. Nunueni laina (plastiki nene ya kutandika bwawani), kipande cha mita 22 kwa 12, kingo zizikwe nusu mita pande zote. Kwenye fomu andikeni lita 1,000 kwa siku.

Mama Kibosho, Leicester

Nimeelewa meku, lita 1,000. Sasa kwa jina la nani?