Tableti ya Fire inaleta matangazo kabla hujaifungua, nilipie yaondoke au niache?

MamaEli_Rau
Habari za jioni wadau, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na hivi vitu. Mdogo wangu yuko Marekani, kuna rafiki yake alikuwa anakuja kupanda mlima akampa mzigo atuletee, ndani kuna tableti ya Amazon Fire HD 8 ya watoto wangu wawili, mmoja darasa la nne mwingine chekechea. Kitu kizuri kwa kweli, mkubwa anasoma hadithi na mdogo anapaka rangi picha. Sasa kila ukiiwasha, kabla hujaifungua, linakaa tangazo skrini nzima, mara gemu, mara sinema, mara riwaya ya mapenzi jalada lina mwanaume kifua wazi. Mdogo wangu anasema ukilipa dola 15 yanatoka na yeye yuko tayari kulipa kule nimrudishie huku. Kwa hela yetu inakaribia elfu 40 na mwezi huu bado gunia la mahindi sijanunua. Halafu kuna fundi wa pale mtaa wa Double Road kaniambia nimpe elfu 15 atayatoa. Nifanyeje? Mkubwa hana shida, ni huyu wa chekechea, anagusa kila kinachong'aa.

Fundi_Sakina
Dada pole na majukumu. Mimi natengeneza simu na tableti hapa Arusha, Fire zinapita sana mikononi mwangu maana watalii na ndugu wa nje wanazileta. Kwanza ujue huo sio ubovu wala virusi, ndivyo ilivyouzwa. Amazon wanauza tableti ileile kwa bei mbili, yenye matangazo rahisi kidogo, isiyo na matangazo wanaongeza dola 15, kwahiyo aliyeinunua alichukua ile ya bei ya chini.

Huyo fundi usimpe hela. Atakachofanya ni kui-reseti, yaani kuifuta irudi kama mpya, na hiyo haisaidii kitu kwasababu matangazo yamefungwa kwenye usajili wa kifaa chenyewe kule kwao, ukishaingiza akaunti yanarudi palepale, tena ukiireseti na paswedi ya mdogo wako huna, hapo umejitafutia kazi nyingine. Kuna njia ya kuchomeka kompyuta na kuzima baadhi ya vitu kwa amri, inafanya kazi kwa muda ila apdeti ikishuka inaweza kuvirudisha vyote, na ukizima kisichotakiwa tableti inaanza vituko. Mimi mteja akiniomba namwambia hapana.

BabaNjiro
Mimi ningelipa na nisingefikiria mara mbili. Unalipa mara moja tu, sio kila mwezi, watu wengi wanachanganya hapo. Na hii biashara ni ya siku nyingi, mwaka 2011 walitoa Kindle ya kusomea vitabu yenye matangazo kwa dola 114 wakati ya kawaida ilikuwa 139. Mwaka uliofuata zilipotoka tableti za Kindle Fire HD, ndo hizi wanaziita Fire siku hizi, mwanzoni hata njia ya kuyatoa haikuwepo, wateja wakapiga kelele sana ndo baada ya siku chache wakaweka hiyo dola 15. Tangu 2012 mpaka leo bei ni hiyohiyo, vitu vingapi vimekaa hivyo? Mtoto wa chekechea kuona hizo picha kila asubuhi mimi siwezi kukubali, elfu 40 inauma ila inatafutwa.

Neema_Kiborloni
Kaka BabaNjiro nakuheshimu ila umemrusha haraka, mwenzako bado ana gunia la mahindi. Mama Eli kabla hujatoa hata mia naomba ujue hiyo dola 15 inatoa nini maana watu wanalipa halafu wanashangaa. Inatoa yale ya kwenye skrini ikiwa imefungwa, basi. Matangazo ndani ya magemu ya bure hayaguswi, hayo ni ya mwenye gemu. Ya YouTube hayaguswi. Na ukurasa wa mwanzo bado Amazon watakuwekea vitabu na sinema zao kukushawishi, ingawa ukiingia setingi unaweza kuyapunguza. Na ukumbuke akiwa anasoma hadithi, ndani ya kitabu hakuna tangazo hata sasa hivi, ulipe usilipe.

Kwahiyo kama shida yako ni huyo mdogo, dawa ni kumfungulia profaili ya mtoto, yaani upande wake mwenyewe ndani ya tableti hiyohiyo. Ni bure. Unaingia setingi, kwenye watumiaji na familia, unaandika jina na mwaka wa kuzaliwa, unachagua vitabu na gemu za kumwekea, na ndani ya hiyo profaili yale matangazo hayaji. Watakuonyesha na kifurushi cha kulipia kila mwezi chenye vitabu vingi, hicho ni kitu tofauti, ruka tu, profaili inafanya kazi bila hicho. Dada yangu anayekaa Pasua, wanae wanatumia hivyo. Magemu chagua wewe mwenyewe, lenye matangazo usimwekee, hapo ndo watoto wanapopotelea kuliko kwenye hiyo skrini ya kuwashia.

Fundi_Sakina
Neema kaongea point. Mimi naanzaga na profaili kwa kila mzazi anayeniletea.

MamaEli_Rau
Asanteni sana jamani, kumbe profaili ipo na sikuambiwa. Nimeingia nimeiona lakini inanidai paswedi na akaunti ni ya mdogo wangu, jina lake na kadi yake ya benki ya kule vyote vipo humo. Sasa nimepata wasiwasi mwingine, huyu mtoto akigusa tangazo si anaweza kununua kitu kwa hela ya mjomba wake? Na hata nikija kulipa baadaye, lazima nimpelekee tableti?

Fundi_Sakina
Anaweza dada, na hapo ndo pa kushughulikia leo hii kabla ya hayo mengine. Akiligusa tangazo linampeleka dukani, na kadi ikiwa imeunganishwa kununua ni kugusa mara moja tu. Ingia setingi kwenye udhibiti wa mzazi, iwashe, weka paswedi unayoijua wewe, halafu hakikisha kila manunuzi yanadai hiyo paswedi. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mkubwa, ataijua.

Kulipia hahitaji kuishika tableti. Yeye anaingia kwenye akaunti yake hukohuko, anafungua orodha ya vifaa, anaichagua hiyo Fire, kuna sehemu ya matangazo anabonyeza ondoa na inakatwa kwenye kadi yake. Huku nyumbani wewe unawasha hotspoti ya simu ili tableti ipate taarifa.

BabaNjiro
Sawa Neema, nimekuelewa, mahindi kwanza. Ila Mama Eli wewe mwenyewe ukiwa unaitumia kwenye upande wa mtu mzima matangazo yatabaki, na huyo wa darasa la nne naye ana macho.

MamaEli_Rau
Ni kweli kaka. Basi leo usiku mdogo wangu akitoka kazini nampigia anitumie paswedi, naweka ulinzi na profaili za wote wawili, maana na wa darasa la nne naona anaingia humohumo kwenye ya watoto. Kulipa nitaangalia baada ya mavuno. Neema, huyo dada yako wa Pasua hadithi za Kiswahili za watoto anazipata wapi humo? Wangu wanasoma za Kiingereza tu mpaka sasa.

Neema_Kiborloni
Dukani mwao za Kiswahili ni chache. Yeye anashusha bure kwenye tovuti ya African Storybook, zipo za Kiswahili kibao na zimepangwa kwa ngazi, anazihifadhi kama PDF anamfungulia mtoto. Fanya ukiwa na waifai, picha zinakula bando.