Nataka kuzima fosi pushi kwa seva ya kazini bila kukwamisha watu, nianzie wapi?

TudorKodi
Wadau salama? Niko kwa kiofisi kidogo hapa Ganjoni, twatengeneza sistimu za maajenti wa kliaringi. Git, ya kutunza matoleo ya programu, iko kwa seva yetu wenyewe na mpaka sasa yeyote anaweza kufosi main (branchi, yaani tawi, kuu la kazi), kuisukuma juu ya historia iliyopo, ikapita bila kuulizwa, juzi kazi ya watu ikafutika, bahati ilikuwa kwa laptopu ya dada mmoja. Bosi anataka nifunge leo leo. Shida kuna branchi ya demo ambayo skripti huijenga upya kila usiku na kuifosi, asubuhi mteja anaiangalia. Nikiwasha receive.denyNonFastForwards, ile setingi ya kukataa fosi, si demo nayo itakwama? Halafu tangu tuapdeti Git, kroni (kazi ya kujiendesha kwa ratiba) ya ruti, akaunti yenye mamlaka yote, inalia "dubious ownership", yaani folda ni ya mtu mwingine, mwenzangu aniambia weka nyota kwa safe.directory, setingi ya folda za kuaminika, zote zipite yaishe.

BintiBamburi
Itakwama ndio, hiyo setingi hushika ripo nzima, hazina yote ya mradi, haichagui branchi. Tumia huki ya update, skripti ambayo seva huiendesha kabla ya kukubali pushi, yenyewe hupewa jina la branchi, komiti (hatua ya kazi iliyohifadhiwa) ya zamani na mpya, sasa unaiambia kama ni main na git merge-base --is-ancestor ikikuonyesha ile ya zamani haimo kwenye historia ya mpya, kataa. Demo iache ipite. Na kufuta main pia zuia, la sivyo mjanja atafuta kisha apushi upya. Branchi mpya au inayofutwa huja na sifuri tupu upande mmoja, zishughulikie kwanza kabla hujalinganisha.

mzee_wa_seva
Leo leo mimi sikubali. Kwanza huki isikatae kitu, iandike tu kwa logi nani kafosi na wapi, na impe onyo, maana chochote huki inachochapisha aliyepushi hukiona mbele kimeandikwa remote. Kutaibuka skripti hukuwahi kuzisikia. Git wenyewe ndivyo walivyofanya, zamani git push tupu ilisukuma kila branchi yenye jina sawa pande zote mbili, wakaonya weee mpaka toleo la 2.0 mwaka 2014 ndipo ikawa simple, branchi uliyopo tu. Hiyo safe.directory ya Aprili 2022 ni kisa kingine, ilikuwa kuziba tundu la usalama, CVE-2022-24765, kungoja haiwezekani, na kroni za watu zikalala.

Mvita_001
Mnambembeleza nani? Funga, wakilia watajifunza

mzee_wa_seva
Na mteja wa demo naye ajifunze?

BintiBamburi
😂 Kuhusu nyota, hiyo yazima kinga yenyewe. Kinga iko pale ili mtu asikutegee .git kwa folda ya pamoja, wewe ukiendesha amri humo ikatekeleza mambo yake, na hapo wewe ni ruti! Kroni iendeshe kwa jina la mwenye folda, sudo -u basi. Ikishindikana orodhesha folda moja moja kwa --system, konfigi ya mashine nzima. Ukiiweka kwenye konfigi ya ripo haisomwi.

Mvita_001
Haya hapo kwa ruti nimenyamaza. Lakini wanaorebesi, wanaoandika upya historia ya branchi zao wenyewe, watafanyaje?

mzee_wa_seva
Hao wazoee --force-with-lease, fosi inayokataa kama seva imesogea tangu ulipofetchi, yaani ulipovuta mapya yake. Ila edita zingine hufetchi kimyakimya nyuma yako, lease ikadhani umeshaiona kazi ya mwenzio, ndio maana toleo la 2.30 ikaongezwa --force-if-includes, ziende pamoja.

TudorKodi
Ahsanteni sana. Bosi nitamwambia onyo linaanza leo, yeye alitaka tu kitu kifanyike leo 😅 kukataa kwenyewe nafikiria Ijumaa ijayo saa saba

BintiBamburi
Ijumaa saa saba nusu ya ofisi iko msikitini, ikigoma utamuuliza nani? Fanya Jumanne asubuhi. Na ule ujumbe wa kukataa usiishie "hairuhusiwi", uandike amri ya kutumia badala yake na jina lako, watu wajue pa kuuliza kabla hawajaenda kwa bosi.

TudorKodi
Jina langu? Haya, Jumanne.