Tupeane uzoefu: daftari la kumbukumbu la kikosi cha skauti

Mlezi wa Kundi
Wanajamvi, heshima kwenu. Kundi ninalolilea limegawanywa katika vikosi vidogo, na kila kikosi kina katibu wake anayetunza daftari la kumbukumbu. Katika kambi ya majaribio iliyoendeshwa na Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisiwani Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, vijana wapatao 20 waligawanywa katika vikosi vinne, kila kimoja kikiongozwa na kijana mwenzao. Kwa kuwa madaraka yalikabidhiwa vijana tangu mwanzo, naona na kalamu iwe mikononi mwao, ila napenda kujua kwenu hali ikoje: nani anaandika, anaandika nini, na daftari linawafaa nini baada ya kambi kuvunjwa?

Katibu Mstaafu
Nilikuwa katibu wa kikosi nikiwa kijana. Kiongozi wetu alitutaka tuandike jioni ileile, kabla ya kulala, kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka karatasi ikilowa. Sentensi kama "kambi ilifana na wote tulifurahi" aliikataa papo hapo, akisema haimwambii msomaji lolote. Alichokitaka ni maandishi ya namna hii: "Tumeondoka saa mbili kasoro robo asubuhi. Mvua imeanza saa nne. Daraja la magogo limeoza upande wa kulia, hivyo tumevuka mtoni, maji yakifika magotini." Kando yake palichorwa ramani ndogo yenye mshale wa kaskazini na nyuzi za dira tulizosoma kwenye kila njia panda. Kikosi kilichopita njia hiyo baadaye kiliusoma ukurasa huo kwanza, kikabeba kamba ya kuvukia.

Mtunza Vifaa
Mimi naliangalia daftari kwa jicho la jikoni na ghala. Tunaandika kiasi cha chakula kilichopikwa na kilichobaki, idadi ya walaji, kamba zilizotoka na zilizorudi, na hema lililochanika limechanika wapi. Mwaka unaofuata hakuna anayekisia, na ubishi wa nani alipoteza shoka huisha mapema.

Mama Mlezi
Ndugu zangu, naomba tuwe waangalifu katika jambo moja. Daftari la kikosi husomwa na kila mtu, wakiwemo wazazi na wageni, kwa hiyo mzio wa kijana, dawa anazotumia, au makosa ya nidhamu aliyotenda havina nafasi humo. Ajali yoyote, hata ndogo, inaandikwa na mtu mzima katika rejesta yake ya siri, yenye saa, mahali, huduma iliyotolewa na jina la aliyeitoa, huku katibu akitosheka kuandika kwamba mwenzao aliteleza, akahudumiwa. Halafu, walezi wenzangu, tuache kuwasahihishia lugha kwa kalamu nyekundu. Nimeona katibu mwenye kipaji cha kusimulia akianza kuandika mistari miwili mikavu kwa sababu kila ukurasa wake ulirudi umejaa alama.

Kijana wa Sasa
Wakuu, sisi tuna kundi la WhatsApp na picha zote zipo humo. Daftari la nini tena?

Katibu Mstaafu
Kijana wangu, picha itakuonyesha daraja, lakini haitakwambia kwa nini mliamua kutolivuka wala nani alishauri hivyo. Na simu ikibadilishwa, mara nyingi picha hupotea nayo. Chapisheni chache, mzibandike katika kurasa husika, na chini ya kila moja mwandike tarehe na mahali.

Mlezi wa Kundi
Nashukuru. Je, katibu anapobadilishwa mnakabidhianaje?

Mtunza Vifaa
Kwetu kurasa zina namba tangu daftari linapofunguliwa, na hakuna ruhusa ya kuchana. Katibu anayetoka na anayeingia wanasoma pamoja taarifa ya kambi ya mwisho, wanatia saini chini yake mbele ya kiongozi wa kikosi, kisha anayetoka anabaki kuwa msaidizi hadi kambi inayofuata.