Uso wa katuni ya 2D: utraki video au uchanganye maumbo kwa vitelezi?

kalamu_na_wino

Wakuu, habari za kazi. Nina babu mmoja wa katuni anayezungumza sekunde 40 mfululizo, uso wote unaonekana, hakuna kukata kwenda picha nyingine. Nimejirekodi kwa simu nikisema maneno yake yote. Sasa niko njia panda. Nitraki uso wangu kutoka kwenye video (programu ifuatilie mwendo wake) babu anifuate, au nimchoree maumbo kadhaa ya mdomo na nyusi kisha nichanganye kwa vitelezi (slider za kuvuta), kwa mkono, fremu baada ya fremu? Natumia programu ya katuni ya Moho Pro, ina vyote viwili. Mwenzangu mmoja ananisukuma nihamie Blender kwa kuwa ni ya bure. Mwingine yuko After Effects na haelewi kabisa ninahangaikia nini. Aliyepita njia hii anisaidie.

FundiVekta

Mkuu, umeuliza uzi au sindano. Kifuatiliaji kinajua *mahali* tu: nukta hii ilikuwa hapa, fremu inayofuata imehamia pale. Hakijui kama mdomo umetabasamu au umenuna. Kuchanganya maumbo ni kinyume chake: kunajua umbo, lakini hakujui lini wala kwa kasi gani, hayo unayaleta wewe. Kwa babu wako utavihitaji vyote. La kuamua ni kipi kiendeshe kiungo gani.

Msimamo wangu: kichwa, shingo na mabega traki. Mdomo na nyusi, vitelezi.

Sababu ni hesabu ndogo ambayo wengi hawaifanyi. Ukichanganya maumbo mawili, kila nukta ya mchoro husafiri kwa mstari ulionyooka kutoka umbo la kwanza hadi la pili. Kwa midomo haina shida, safari ni fupi. Lakini chukua kitu kinachozunguka, tuseme kichwa kinachoinama nyuzi 90. Katikati ya safari nukta zimekata njia ya mkato, na mchoro umesinyaa hadi asilimia 71 hivi ya ukubwa wake. Kwa nyuzi 60 unabaki na 87. Kwa nyuzi 180 kila kitu kinapita kwenye nukta moja, kichwa kinatoweka halafu kinarudi. Nimeona watu wakilaumu programu kwa jambo hili. Programu haina kosa, imefanya ulichoiambia. Mzunguko upe mifupa (ile ya kuchezesha mchoro, inayofungwa ndani yake), na mifupa ndiyo inayopokea vizuri data ya kutraki.

kijiti

Nilipoona mtu kaita kuchanganya maumbo "mofu" kwenye uzi mwingine nikadhani tumerudi darasa la isimu, mofu na viambishi 😂 Kumbe ni midomo. Endeleeni, nachota.

Bi_Fremu

Nakubaliana na FundiVekta kwa kichwa, ila kuhusu mdomo amekata tamaa mapema. Mdomo unatrakika, mradi usitraki midomo yenyewe kama ilivyo.

Kifuatiliaji huchukua kipande kidogo cha picha na kukitafuta kwenye fremu inayofuata ndani ya eneo ulilolizungushia. Ukikiweka kwenye ukingo wa mdomo, ambao ni mstari mmoja mrefu, kila sehemu ya mstari inafanana na jirani yake. Kitateleza kando ya mstari huku kikidhani kiko sawa. Kinahitaji kona au doa, kitu chenye tofauti ya weusi na weupe pande zote. Kwa hiyo chukua kalamu ya kope, jitie vidoa: kimoja kwenye paji, kimoja juu ya daraja la pua, kimoja ncha ya pua, kimoja katikati ya mdomo wa juu, kimoja chini ya mdomo wa chini, na viwili kwenye pembe za mdomo. Utachekesha nyumba nzima, lakini siku hiyo hiyo utakuwa umemaliza.

Baada ya hapo usinakili njia za vidoa moja kwa moja kwenye nukta za mchoro. Uso wa babu hauna vipimo vya uso wako. Unachotaka ni *tofauti*. Umbali kati ya kidoa cha mdomo wa juu na cha chini ndio "mdomo umefunguka kiasi gani". Umbali kati ya pembe mbili ndio "oo" dhidi ya "ii". Gawanya kila umbali kwa urefu wa kutoka paji hadi daraja la pua, vinginevyo ukisogea karibu na kamera babu atafungua mdomo bila kusema neno. Ncha ya pua ukitoa mwendo wa paji inakwambia kichwa kimegeuka kushoto au kulia. Namba hizo ndizo zinazoendesha vitelezi. Kwa hiyo umbo linabaki la mchoraji, na mwili wako unatoa wakati wake tu.

kalamu_na_wino

Dada, hii ya kugawanya sikuwahi kuiwaza. Lakini kwenye Moho naifanyaje?

Bi_Fremu

Hapo ndipo programu zinapotengana. Moho Pro itatraki nukta moja moja kwenye video, na njia uliyoipata unaipa leya, mfupa au nukta ya mchoro. Kwa kichwa cha babu inatosha kabisa, huna haja ya kuhama. Kuchanganya maumbo pia ni rahisi pale: kila umbo unalihifadhi kama kitendo chake, kisha kuna dirisha lenye kitelezi kwa kila kitendo. Ila "umbali huu uendeshe kitelezi kile" utalazimika kuandika skripti.

Blender ina kifuatiliaji tangu toleo la 2.61, Desemba 2011. Njia uliyotraki unaiunganisha na kitu kitupu ("empty", alama isiyoonekana kwenye picha ya mwisho), na dreva zake, yaani viungo vinavyofanya namba moja iendeshe nyingine, zina aina maalumu ya kupima umbali kati ya vitu viwili, bila msimbo. Tatizo liko upande wa pili: michoro ya Grease Pencil, zana yake ya kuchora 2D, haina maumbo ya vitelezi yake yenyewe. Ninachofanya ni kuuweka mdomo ndani ya kimia ("lattice"). Kimia kinakubali maumbo ya vitelezi, na kikikunjika kinaukunja mchoro. Si njia fupi, lakini inafanya kazi. (Usihangaike na kutatua kamera, ile inayodai angalau alama 8. Hiyo ni ya kuweka vitu vya 3D ndani ya picha.)

mzee_wa_24

Vijana, hakuna aliyeuliza video ni ya fremu ngapi.

Simu nyingi hurekodi kwa kasi isiyotulia: imeandikwa 30, lakini mwanga ukipungua inashuka yenyewe halafu inapanda. Traki faili kama hilo na data itakuwa sahihi kwa picha, mbovu kwa sauti. Pitisha video kwanza kwenye programu ya kubadili video, HandBrake au FFmpeg, lazimisha kasi isiyobadilika, *ndipo* utraki. Na kama mradi wako ni wa fremu 24, sekunde 40 ni fremu 960. Video ya 30 ina 1,200. Programu ikizisoma moja kwa moja, babu atazungumza sekunde 50. Hata 23.976 dhidi ya 24, kosa dogo mno machoni, linakutelezesha karibu fremu moja na nusu kila dakika.

Halafu jambo la pili, ambalo si la kompyuta. Kutraki uso si wazo jipya. Max Fleischer alipata hataza ya rotoskopu Marekani mwaka 1917: alimpiga picha nduguye Dave akiwa amevaa kama mchekeshaji, kisha akachora juu ya picha. Mwendo ukatoka laini ajabu. Lakini mwendo wa mtu halisi ukiuweka kwenye katuni bila kuugusa unaonekana kama unaelea. Mtu wa kweli hasimami tuli, anatikisika muda wote, na katuni inahitaji mapumziko. Mimi huwa natraki, kisha nafuta fremu kuu (keyframe, zile zinazoshika mwendo) saba katika kila kumi.

FundiVekta

Mzee kasema. Naongeza moja, na Bi_Fremu asinichukie: vitelezi hujumlika. Tabasamu linapandisha pembe ya mdomo hatua 6, "ii" inaipandisha hatua 6, ukivivuta vyote pembe inapanda 12 na inakwenda kugusa shavu. Kwa hiyo chora umbo la tatu la kusahihisha, liingie tu pale viwili hivyo vinapokuwa juu pamoja. Data ya kutraki inapenda sana kuvuta vitelezi vingi kwa wakati mmoja, kuliko mkono wako ungefanya.

kijiti

Na yule wa After Effects? Tumemsahau.

Bi_Fremu

Hajakosea. Alama moja inampa mahali, mbili zinampa mzunguko na ukubwa, na semi zake (expressions, vijimsimbo vifupi) zinapima umbali bila taabu. Ila akibadili mstari wa umbo moja kuwa wa jingine, nukta ya kwanza ya kila mstari ilingane, la sivyo mdomo utajipindua kama kitambaa kinachokamuliwa. Kwa uso mmoja wa sekunde 40 ningefanya kwake. Kwa mfululizo wa vipindi, Moho, kwa sababu ya mifupa.

mzee_wa_24

Nukta ya kwanza! Kwenye Flash, programu ya katuni ya zamani, tulikuwa na vidokezo vya umbo vya kuonyesha nukta ipi ilingane na ipi, herufi a hadi z, 26 tu. Njano mwanzo, kijani mwisho, nyekundu ukikosea mstari. Nimeota herufi hizo usiku.

kalamu_na_wino

Mrejesho, wakuu. Nimebaki Moho. Nilibadilisha video kuwa 24 isiyoyumba, nikajitia vidoa vinne tu, nikatraki paji na daraja la pua kwa ajili ya mfupa wa kichwa. Kidoa cha paji kilipotea mara mbili nilipopitisha mkono, nikarudisha kwa mkono. Nilifuta fremu kuu nyingi kuliko nilivyodhani, na babu akatulia. Mdomo nimefanya kwa vitelezi, maumbo sita pamoja na lile la kusahihisha tabasamu.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Anapogeuka kushoto, ndevu zinabaki nyuma fremu mbili, na sijajua kama niiache hivyo. Inapendeza kidogo.

Bi_Fremu

Iache.