Kijana anaenda Glasgow, je Uskoti ikijitenga viza yake itakuwaje?

Mama wa Nyegezi aliandika:

Habari zenu wanangu na ndugu zangu wa humu. Kijana wangu amepata nafasi ya masters Glasgow, kozi ya mwaka mmoja, ada tumeanza kuikusanya, tumeuza kiwanja cha Kishiri na ndugu wamechangia. Sasa juzi kwenye jumuiya mzee mmoja akasema Uskoti wanadai uhuru wao kutoka Uingereza, eti wakiupata viza yake itakuwa karatasi tu na pauni tulizolipa hazitakuwa hela ya pale. Mwingine akasema tumhamishie Manchester mapema. Na mkwe wangu anataka amfuate na mtoto. Mlioishi huko naombeni mnieleweshe taratibu, nimekosa usingizi kwa kweli.

Ngosha wa Kirumba (nilikuwa Glasgow, nimesharudi) alijibu:

Shikamoo mama. Ada msiihamishe kabisa. Uskoti mpaka sasa ni sehemu ya Uingereza na hakuna tarehe ya kujitenga iliyopangwa. Walipiga kura ya maoni tarehe 18 Septemba 2014, wasiotaka kujitenga wakapata asilimia 55 na wanaotaka 45, ila Glasgow yenyewe anakokwenda kijana wengi walisema ndiyo, kwa hiyo mjadala atakutana nao kwenye basi, darasani, kwa kinyozi, asishangae. Baadaye serikali ya Uskoti iliyoko Edinburgh ikataka kura nyingine, Mahakama ya Juu ya Uingereza Novemba 2022 ikaamua kwamba Bunge la Uskoti haliwezi kuitisha kura hiyo bila ridhaa ya London, yaani serikali ya Uingereza nzima. Na hata siku wakikubaliana, mtu hapigi kura leo akaamka kesho nchi nyingine, ule mpango wa 2014 ulikuwa na mwaka mmoja na nusu hivi wa mazungumzo kati ya kura na kujitenga, kijana anakuwa ameshavaa joho karudi.

Mama nadhani unakumbuka mwaka huo huo wa 2014 na sisi tulikuwa tunabishana serikali mbili au tatu, rasimu ya katiba ya mzee Warioba iko kwenye Bunge la Katiba kule Dodoma na huku Mwanza kila kijiwe kuanzia Makoroboi mpaka Igoma ni hiyo hiyo. Kura yetu ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, wao yao walipiga, lakini ugomvi unafanana sana, wa nani aamue jambo gani. Sasa hapo ndipo panapomhusu kijana wako, maana akiwa pale atakuwa chini ya serikali mbili na kila moja ina mambo yake.

Viza ni London tu, Edinburgh haina hata muhuri. Ndio maana habari ya mkwe naisema kwa uchungu, tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masters ya kawaida ya kufundishwa darasani haruhusiwi kuleta mke wala mtoto, wanaoruhusiwa ni wale wa utafiti kama PhD. Asije mtu akawachukulia hela hapo mjini kwa kuwaahidi viza ya mke, hiyo njia haipo. Na kumhamishia Manchester hakubadilishi kitu, sheria ya viza ni ile ile. Ada ya matibabu inayolipwa pamoja na viza nayo ni ya London, kwa mwanafunzi pauni 776 kwa mwaka.

Lakini akishafika, hospitali za Uskoti zinaendeshwa na Edinburgh, na dawa akiandikiwa na daktari anachukua bure famasia tangu 2011, wakati England mtu mzima analipa karibu pauni 10 kwa kila dawa. Kwa mwanafunzi wa kwetu mwenye kifua kinachosumbua baridi ikianza hiyo sio hela ndogo.

Pauni ni ile ile. Ni kweli 2014 ilikuwa hoja kubwa, waliotaka uhuru walisema wataendelea kuitumia pamoja na waziri wa fedha wa London wakati huo, George Osborne, akakataa waziwazi, na wengi waliingiwa hofu hapo. Kitu kimoja tu, noti nyingi za pale zinachapishwa na mabenki matatu ya Uskoti yenyewe, thamani sawa, ila akija likizo abebe zile za Benki Kuu ya England. Mimi nilizunguka na za Uskoti mjini hapa bureau baada ya bureau hakuna anayezitaka.

Dada wa Sengerema (nesi, nipo Dundee) alijibu:

Shikamoo mama, hongera sana kwa kijana. Kaka Ngosha kaeleza vizuri ila mimi naona ameupoza sana huo mjadala kama vile ni kelele za vijiweni tu, hapana, umeshabadilisha maisha yetu hata bila uhuru wenyewe. Baada ya wanaotaka uhuru kushindwa 2014 ilibidi London itimize ahadi ilizotoa dakika za mwisho, ikaja sheria ya 2016 ikaipa Edinburgh nguvu zaidi za kodi ya mapato, na leo mimi nikipita kama pauni 30,000 na kitu kwa mwaka nakatwa zaidi kidogo kuliko mwenzangu wa England, nikiangalia salary slip naiona. Lakini mshahara wa nesi pia unajadiliwa huku Edinburgh na uko juu kuliko wa kule, na mwanangu anapanda basi bure kwa sababu wote wa chini ya miaka 22 wanaoishi huku wanapanda bure, kwa hiyo mimi silalamiki, nataka tu watu wajue hela inatoka wapi na inaenda wapi.

Na kwenye viza wamepigania. Uskoti wazee wanaongezeka na wafanyakazi hawatoshi, mimi wodini naliona kila siku. Walikuwa na mpango kuanzia 2005 wa kumruhusu mhitimu wa vyuo vya huku abaki miaka 2 afanye kazi, London ikakubali, baadaye ukaenea Uingereza nzima halafu 2012 ukafutwa. Januari 2020 Edinburgh wakaomba viza yao ya Uskoti, London ikaikataa siku ile ile. Wanaotaka uhuru wakiongea hayo mimi nawaelewa, nchi inaomba watu halafu anayeshika ufunguo yuko mbali na hana shida hiyo.

Ngosha wa Kirumba:

Dada nakubali, na mimi nilikuwa pale Mei 2021 majirani wa Kenmure Street walipolizunguka gari la uhamiaji mchana kutwa mpaka wale wanaume wawili wakaachiwa, sijawahi kuona mji unasimama hivyo kwa ajili ya wageni. Ninachokataa ni kijana wa watu apange maisha yake kwa viza ambayo haijatungwa. Wapo niliowafahamu walikataa kazi kwingine wakisubiri Uskoti ifungue milango yake, muda wao ukaisha. Sasa hivi akihitimu kuna viza ya kubaki miaka 2, na wameshatangaza itakuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027, apigie hesabu hiyo iliyopo.

Mama wa Nyegezi:

Asanteni sana wanangu Mungu awabariki, nimeanza kupata pumzi. Mkwe nitaongea naye mwenyewe. Sasa nauliza, kwani kijana akiwa huko siasa zao zinamhusu au anyamaze asome tu?

Dada wa Sengerema:

Mama zinamhusu na ana haki ya kupiga kura! Watu wengi wa kwetu hawajui. Tanzania ni Jumuiya ya Madola, kwa hiyo akiishi huku kihalali anajiandikisha na anapiga, hata ile ya 2014 Watanzania waliokuwa wakiishi huku walikuwa na haki ya kupiga. Tangu 2020 Uskoti wameruhusu wageni wa nchi yoyote wanaoishi kihalali wapige kura za bunge lao na za halmashauri, na sheria hiyo waliweza kuitunga kwa nguvu zile zile walizopewa 2016. Ajiandikishe akishapata anwani, inachukua dakika chache mtandaoni, na inamsaidia pia akitaka simu ya mkataba maana makampuni yanaangalia kama jina lipo kwenye daftari la wapiga kura.

Ngosha wa Kirumba:

Na asiogope kuhusu uraia wake mama, anapiga kura akiwa Mtanzania na pasipoti yake ya Tanzania. Uraia wetu unapotea mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, hilo ndilo la kukaa naye mapema kama ataamua kubaki miaka mingi. Jumamosi nitakuwa Nyegezi mchana, kama kijana yupo nyumbani nipite tuziangalie pamoja zile barua zake za chuo.