Sili ya pampu ya dizeli imechoka, wauza spea wananilazimisha ninunue pampu nzima!

Wakuu, heshima kwenu.

Mnivumilie, leo naandika nikiwa nimefura. Gari langu ni dizeli ya zamani, ile ya pampu ya kuzunguka. Halina kompyuta wala sensa, na injini bado ina nguvu zake. Ugonjwa wake ni mmoja tu: dizeli inavuja kwenye shafti ya mkono wa mafuta (ule unaovutwa ukikanyaga pedali), pale juu ya pampu. Likilala, hewa inapenya palepale panapovuja, dizeli inarudi tangini, asubuhi unapiga stata mpaka betri inaomba msamaha. Likishawaka linamisi kidogo na moshi mweupe, halafu linatulia na kutembea kutwa nzima kana kwamba halijafanya lolote.

Na kabla hamjaniambia nibadilishe hita plagi, filta au nozeli: nimeweka mpira unaoonyesha ndani kwenye njia ya dizeli nikaona mapovu kwa macho yangu. Ni hewa. Inaingilia kwenye sili.

Sili! Kipira ambacho kikikudondoka unakitafuta kwa tochi. Nimeenda kwa wakala, jamaa akabonyeza bonyeza kompyuta yake, akaniambia bila hata aibu, "Hiyo haiuzwi peke yake, inakuja na pampu." Haya, nipe bei ya pampu. "Pampu hiyo ilishaacha kutengenezwa." Kwa hiyo mnaniuzia nini sasa? Akacheka. Wallahi alicheka.

Kinachoniudhi ni kwamba pampu hii si kitu cha siri. Ni aina ya VE, muundo wa Bosch wa miaka ya 1970, na Wajapani nao waliitengeneza kwa leseni: Diesel Kiki, ambayo baadaye iliitwa Zexel, pamoja na Denso. Imefungwa kwenye magari ya kampuni chungu nzima. Ilibuniwa ifunguliwe, ibadilishwe sili, ipimwe kwenye mashine, irudi kazini. Vifurushi vya sili zake vipo duniani, na mafundi pampu wanavitumia kila siku. Lakini katalogi ya mtengenezaji wa gari imeiandika pampu nzima kama kitu kimoja chenye namba moja, na muuzaji akishaona namba hiyo imefutwa basi kwake dunia imeishia hapo. Gari zima lenye injini nzuri liende kwa wakata vyuma kwa sababu mtu hataki kutazama nje ya skrini yake.

Sasa tuje kwa hawa wa spea za mtumba, ambao ndio walionimaliza kabisa. Nimewatumia picha ya kibati cha pampu, herufi zote zinasomeka. Jibu lao: "Inaingia hiyo mkuu, lete hela." Ukiuliza kibati cha ya kwao kinasemaje, kimya. Ukisisitiza, unatumiwa picha ambayo ukiitafuta unaikuta imezagaa mtandaoni kwa wauzaji wengine kibao. Mmoja akaniletea pampu inayozunguka upande wa kushoto, wakati yangu ni ya kulia. Nimemwonyesha herufi kwenye kibati, ananijibu eti "fundi wako atarekebisha". Atarekebisha nini? Ageuze injini izunguke kinyumenyume? Kurudisha hela, thubutu! Simu haipokelewi mpaka leo.

Kwa wenzangu wenye magari ya aina hii, kibati hakikuwekwa kwa urembo. Tuseme kimeandikwa VE4/10F2100R. Hiyo 4 ni silinda, 10 ni kipenyo cha planja (kipistoni kinachosukuma dizeli) kwa milimita, F ni gavana (kidhibiti mwendo) ya kimakanika (ya umeme huandikwa E), 2100 ni mizunguko ya pampu kwa dakika, na R ni kuzunguka kulia ukitazama upande wa kuendeshea, L ni kushoto. Pampu huzunguka nusu ya mwendo wa injini, kwa hiyo 2100 ya pampu ni 4200 ya injini. Muuzaji asiyeweza kukusomea mstari huo kwenye mali yake mwenyewe, mkimbie. Anauza chuma, hajui anachouza. Na pampu mbili zinaweza kufanana kwa sura kabisa zikatofautiana planja, ukafunga, gari likabaki bila nguvu au likatoa moshi mweusi kila ukikanyaga, halafu lawama zote zikamwangukia fundi.

Halafu kuna lile kundi la "tumia feki tu, ni mpira". Si mpira tu. Dizeli ya siku hizi imepunguzwa salfa sana. Ulaya kiwango chake kimekuwa sehemu 10 kwa milioni tangu 2009. Namna ya kuisafisha ilibadilisha dizeli yenyewe, na sili za mpira wa nitrili zilizokaa miaka kwenye dizeli ya zamani zikaanza kusinyaa na kuvuja. Ndiyo maana watu wanaojua wanatafuta za Viton, mpira unaohimili dizeli hiyo. Mimi nimeuziwa kifuko kilichoandikwa Viton kwa herufi kubwa, na sili za ndani zilivimba na kulegea kabla hata sijazisahau. Nimemrudia muuzaji, ananiuliza kama nilizipaka grisi. Grisi, jamani, kwenye sili inayoogelea dizeli!

Mafundi nao sitawaacha, ila si wote. Kuna mmoja alitaka kuifungua pampu chini ya mti, juu ya gunia. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, chembe ya mchanga ikiingia imekwisha. Na kabla hajagusa sili alishaikimbilia skrubu ya mafuta mengi, anataka "kuiongezea nguvu". Nilimnyang'anya bisibisi. Fundi pampu wa kweli ana mashine ya kupimia, anaweka alama kabla ya kuchomoa, na akirudisha anaseti taimingi kwa geji, si kwa sikio. Huyo nimempata, shukrani kwake, na yuko tayari. Hana sili tu. Gari limekaa juu ya mawe kwa kukosa kipira.

Najua watakuja wale wa "uza ununue la petroli". Nitanunua kwa hela ya kuuza nini, gari lisilowaka asubuhi? Na hizo dizeli mpya mnazozisifia, injekta zake zina namba maalumu (code) ya kuingizwa kwenye kompyuta, ukibadilisha moja bila kuiingiza linagonga na kutetemeka. Nitatoka kwenye shida ya sili niingie kwenye shida ya injekta. Hapana, asante.

Ninachotaka kwenu ni hiki. Mwenye kifurushi cha sili cha pampu ya VE, hasa sili ya shafti ya mkono wa mafuta na gasketi ya mfuniko wa juu, za Viton ya kweli, atume kwanza picha aliyoipiga mwenyewe ya kifuko, namba isomeke, na karatasi pembeni yenye tarehe ya leo. Kama bushi ya shafti (kile kikombe cha chuma ambamo shafti inazungukia) imelika na una mtu wa kuchonga mpya, hiyo pia naihitaji, maana sili nzuri kwenye bushi iliyolegea itavuja tena. Atakayeandika "inaingia hiyo" bila namba simjibu.